Saa za Ndege Si Saa za Safari

Wewe msomaji wangu wa Kimbo, pale Ruiru, umeniuliza swali fupi: kutoka Paris hadi London ndege huchukua muda gani? Nakujibu upesi ili nibaki na nafasi ya kukugombeza. Ni saa moja na robo hivi. Umbali wenyewe, ukipimwa moja kwa moja angani, ni kama kilomita 340. Nairobi na Mombasa zimeachana zaidi ya hapo, maana kati yao angani kuna kilomita 400 na ushei. Kwa hiyo hukukosea kuona kwamba miji hiyo miwili ni majirani. Ulipoteleza ni mwishoni mwa ujumbe, uliponiambia umenunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya Nairobi hadi Paris na nyingine ya bei ya chini ya Paris hadi London, ukaacha saa mbili katikati kwa kuwa "ni hapo tu".

Hapo tu! Mdogo wangu, vuta kiti ukae.

Sikuiti mjinga, na wewe usijiite hivyo. Najua mambo haya yanavyokuwa. Viza ya masomo ya Uingereza imetoka baada ya maombi mengi, chama cha mama kimechanga, shangazi wa Juja ametuma chake kwa M-Pesa, na wewe usiku umejifunika blanketi na simu mkononi, bando inakaribia kuisha, unalinganisha bei. Unaona tofauti ya elfu kadhaa. Unawaza: nikiokoa hizi, sitawalemea. Moyo huo ni wa mtoto aliyelelewa akaleleka. Lakini simu ile ilikuonyesha saa za angani tu. Haikukuonyesha foleni, haikukuonyesha sanduku lako litashukia wapi, wala afisa wa uhamiaji atakayekudai karatasi usiyokuwa nayo. Rahisi ni ghali, walisema waliotutangulia, na kwenye tiketi za ndege ndiko msemo huo unakouma zaidi.

Sikiliza vile siku yenyewe ingekwenda. Tiketi zikiwa mbili mbalimbali, shirika la kwanza kazi yake inaishia Paris. Sanduku lako litabandikwa lebo ya Paris, litashushwa Paris, na litakungoja kwenye mkanda wa mizigo, ng'ambo ya uhamiaji wa Ufaransa. Ili ulifikie ni lazima uingie Ufaransa, na ili uingie Ufaransa unahitaji viza ya Schengen. Wewe unayo ya Uingereza, na Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, hata siku zile ilipokuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Basi utasimama hapo katikati, sanduku upande ule, wewe upande huu, na ndege ya London inafunga mlango. Na hiyo ni kama umefika Paris. Mfanyakazi wa kaunta pale uwanja wa ndege wa JKIA anaweza kuona safari yako inaishia Paris, akafungua paspoti, asione viza ya Schengen, akakukatalia kupanda. Usimchukie. Shirika likimbeba abiria asiye na karatasi hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama yake. Lakini wewe utakuwa umesimama pale na pesa za watu mfukoni zimekwisha, mama yuko nje bado anafuta machozi ya kukuaga, na hujui utatoka umwambie nini.

Usilie. Bado hujasafiri, na jambo lililoonekana mapema lina dawa.

Kuna na mtego wa majina. "Paris" ya kwenye tiketi si uwanja mmoja. Charles de Gaulle uko kaskazini mashariki mwa jiji, Orly uko kusini, na kati yao ni mwendo wa barabara wa kilomita 40 hivi, karibu sawa na kutoka Thika hadi Nairobi mjini. Kuna na Beauvais, ambao mashirika ya bei nafuu huuza kwa jina la Paris ilhali uko kama kilomita 80 kutoka jijini. London ndiyo balaa zaidi: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, London City, na zote simu itakuandikia London. Mtu anashuka Heathrow, ndege yake inayofuata iko Gatwick, na saa zake zinaishia ndani ya basi. Hata uwanja ukiwa mmoja, usidhani utavuka ua tu. Charles de Gaulle una terminali tatu, na ile ya pili imegawanywa kuanzia 2A hadi 2G. Kwa hiyo usisome jina la mji, soma zile herufi tatu za uwanja: CDG, ORY, BVA, LHR, LGW. Zinakili kwenye karatasi umwonyeshe mtu aliyewahi kupita huko. Kuuliza si ujinga.

Ninachotaka ufanye ni kuweka safari nzima kwenye tiketi moja, Nairobi hadi London, hata kama itapitia Paris, Amsterdam au Doha. Sanduku litabandikwa lebo ya London tangu JKIA, wewe utabaki upande wa abiria wanaopita, na ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Hata hivyo uliza shirika au ubalozi kuhusu viza ya kupitia uwanjani, maana masharti hayo hubadilika na nchi hazifanani. Katikati acha saa tatu, usisikilize anayekwambia moja inatosha kwa sababu yeye alikimbia akawahi. Ukipata pesa ya ndege ya moja kwa moja hadi London, ni karibu kilomita 6,800, saa tisa hivi angani, na huna wa kukutoa jasho njiani.

Wengine mmeniuliza mnavyoweza kukadiria muda wa ndege wenyewe bila kumtegemea ajenti. Chukua kilomita, gawanya kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Nairobi hadi Paris ni kama kilomita 6,500, utapata saa nane na nusu na dakika chache, na ndivyo ilivyo. Ile nusu saa ni ya kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, na ndiyo maana safari fupi kama ya Paris na London haiwi dakika 25 ingawa ndege ina kasi hiyo. Upepo wa juu nao una neno lake. Kenya Airways ilipoanza kwenda New York moja kwa moja, tarehe 28 Oktoba 2018, safari ilipangiwa saa 15 kwenda na 14 kurudi, na kilomita ni zile zile.

Sasa saa za ukutani. Hapa ndipo vijana wengi huchanganyikiwa, na siwalaumu. Tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo. Ndege ikitoka Paris saa 10:00 asubuhi yao, tiketi itasema inafika London 10:15. Msichana mmoja wa Ngoingwa alifikiri ndege inakwenda kwa dakika 15! Hapana, mpenzi. London iko nyuma ya Paris kwa saa moja, basi saa uliyotumia angani inafichwa na mshale wa saa. Sisi Kenya hatubadilishi saa mwaka mzima, wao hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kipindi cha baridi London iko nyuma yetu kwa saa tatu na Paris kwa saa mbili. Kiangazi, mbili na moja. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Doha na Riyadh saa zao ni sawa na zetu, nawaambia nyinyi mnaokwenda kazi za Ghuba msibabaike.

Lakini kosa linalonikosesha usingizi ni la tarehe. Ndege nyingi za kwenda Ulaya huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane. Tiketi inasema Jumatano, 00:25. Kijana anasoma Jumatano. Jumanne anashinda akiaga watu Makongeni, jioni anakula chapati na marafiki, analala vizuri, Jumatano anaamka anapiga pasi shati la safari. Ndege ilishaondoka, mdogo wangu, yeye akikoroma. 00:25 ya Jumatano ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa sita na dakika 25 za usiku kwa saa yetu. Unatoka nyumbani Jumanne jioni. Iandike kwa mkono wako kwenye kalenda ya ukutani, "NATOKA NYUMBANI JUMANNE SAA KUMI NA MBILI JIONI", mama aione, baba aione, hata mtoto wa jirani aione. Maji yakimwagika hayazoleki, na tiketi ya abiria ambaye hakutokea mara nyingi hairudishwi hata senti.

Kwa nini saa kumi na mbili? Kwa sababu kaunta inataka uwe umefika saa tatu kabla, na mashirika mengi hufunga mizigo karibu saa nzima kabla ya kuondoka. Hesabu kurudi nyuma. Na hapa mtanisamehe niseme kwa ukali kidogo, maana watu wa Thika na Ruiru tuna kiburi cha barabara. Tangu Mzee Kibaki afungue Thika Superhighway mwezi wa Novemba 2012, tunajiambia uwanja wa ndege ni dakika arobaini. Ni dakika arobaini saa tisa ya usiku, gari likiwa peke yake. Siku ya mvua, au Ijumaa ya mwisho wa mwezi, au lori likianguka Githurai, hesabu hiyo haipo. Mkipitia Eastern Bypass, mnaanza kusimama pale Kamakis, mnasimama tena Ruai, mnasimama Utawala, na bado Cabanas hamjaiona. Mkipitia mjini, Pangani inawangoja. Halafu mkifika langoni JKIA kuna ukaguzi wa usalama, na nyuma yenu kuna familia nyingine kumi zimekuja kuaga mtoto wao.

Na familia zetu nazo, jamani. Nazipenda, lakini lazima niseme. Matatu nzima imekodiwa kukusindikiza, kwaya ya vijana imekuja, mchungaji anaombea safari kwa kirefu, picha zinapigwa getini, picha zinapigwa tena hotelini Blue Post kwa sababu kuna maporomoko. Mnafika Kamakis, mjomba anasema kwa sauti ya upole, "Tumpitishe mtoto hapa ale nyama ya mwisho ya nyumbani." Nyama haijachomwa. Inakatwa, inapimwa, inawekwa kwenye makaa, soda zinaagizwa, na wewe unaogopa kumkatiza mjomba aliyechangia nauli. Katiza. Mshike mkono umwambie, "Mjomba, nyama tutakula mchana nyumbani, jioni ni barabara tu." Karamu ifanyike mchana. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na anayeona haya kumharakisha mjomba atalia peke yake mbele ya kaunta iliyofungwa. Mkubwa mwenye busara hatakasirika, na akikasirika, utampigia simu kutoka Uingereza apoe.

Jambo la sanduku nitalipita haraka. Soma kwenye tiketi ni kilo ngapi, mara nyingi ni 23, ukalipime kwenye mizani ya duka la nafaka mtaani kabla hujaenda. Usingoje kufungua sanduku sakafuni JKIA, watu wanakutazama, unatoa pakiti ya unga, unarudisha, unatoa njahi za mama, unarudisha, ukichagua kati ya njahi na viatu. Nyama na vitu vya maziwa usibebe, Ulaya na Uingereza zinakataza. Koti zito na paspoti ziwe mkononi.

Sasa tuje kwa mama. Ulimwambia safari ni saa kumi. Ulijumlisha saa nane na nusu na saa moja na robo, ukapata karibu kumi, ukampa. Yeye amezishika hizo kumi. Baada ya saa kumi ataanza kutazama simu. Baada ya kumi na mbili atakuwa anapiga namba yako, imezimwa. Baada ya kumi na tano atakuwa kwa jirani, amefunga leso kiunoni, na kila habari ya redioni inamshtua. Kumbe wewe uko salama ndani ya treni, umelala.

Tuhesabu pamoja ile safari yako ya Januari, tukishairekebisha iwe tiketi moja. Unatoka Kimbo Jumanne saa kumi na mbili jioni. Ndege inaondoka baada ya saa sita usiku. Unatua Paris kabla ya saa moja asubuhi ya huko. Unangoja. Unafika London kama saa nne na robo asubuhi yao, unapanga foleni ya uhamiaji, unalitafuta sanduku. Halafu umesahau kwamba chuo chako hakiko London, kiko Leeds! Hapo kuna karibu kilomita 300 nyingine za reli, zaidi ya saa mbili, na kabla ya hapo lazima uvuke jiji zima kutoka Heathrow hadi kituo cha King's Cross. Ukipewa funguo za chumba saa kumi na moja jioni ya Leeds umeharakisha, na hapo Ruiru itakuwa saa mbili usiku, Jumatano. Kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa chumba ni saa 26. Angani ni chini ya kumi. Mpe mama hiyo 26. Mwambie, "Nitakupigia Jumatano usiku baada ya habari ya saa moja." Atalala. Na ukiwahi kupata intaneti Paris ukamtumia neno moja, itakuwa zawadi.

Hata hapa kwetu ndivyo mambo yalivyo. Ndege ya Mombasa ni chini ya saa moja angani, SGR ni kama saa tano au zaidi kidogo tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, lakini mtu wa Thika akiweka barabara ya kwenda JKIA, kungoja, na teksi ya kule chini, ile tofauti inapungua sana. Huko Ulaya nako watu wengi kati ya Paris na London huiacha ndege ya saa moja na robo, wakapanda treni ya Eurostar inayopita chini ya bahari kwa saa mbili na robo hivi, kwa kuwa inawatoa katikati ya jiji moja na kuwashusha katikati ya lingine. Usiwaige kabla hujapata viza ya Schengen, nawajua mlivyo.

Na ikitokea umeachwa? Inatokea. Mvua imenyesha, gari limezima Ruai, kaunta imefungwa. Nimewahi kusikia habari ya kijana aliyeona haya kurudi Thika, akakaa kwa rafiki mtaani Nairobi siku kadhaa akiwadanganya nyumbani kwamba amefika na baridi ni kali. Usifanye hivyo, nakuomba. Uongo huo unauma kuliko tiketi. Nenda ofisi ya shirika pale pale uwanjani kabla hujatoka, maana ukizungumza nao mapema pengine utapewa ndege ya kesho kwa kulipa tofauti, na ukisubiri wiki moja hawatakusikiliza. Mpigie mama usiku huo huo. Atapiga kelele kidogo, atanyamaza, kisha atakuuliza kama umekula. Ikiwa waliochelewa ni wao, mambo ni tofauti. Ukitokea Ulaya kwa ndege yoyote, au ukienda huko kwa ndege ya shirika la Ulaya, kanuni yao ya mwaka 2004 yenye namba 261 inaweza kukupa fidia ukifika umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, na fidia hiyo hupimwa kwa umbali: yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, hadi 600 kwa safari ndefu kama ya kwetu. Kwa hiyo kipande cha tiketi usikitupe mpaka ufike ulale.

Basi wewe wa Kimbo, kesho asubuhi kabla ya shughuli nyingine, mpigie aliyekuuzia tiketi ya Paris. Muulize ni kiasi gani kuibadilisha iwe hadi London, na umwandikie nani kama yeye mwenyewe hawezi. Ile ndogo ya bei ya chini huenda ikapotea yote, iache ipotee. Ukishapata jibu niandikie pesa inayopungua ni ngapi na siku ya safari ni ipi, na useme tarehe na usiku wa kuamkia lini.